Glaifoseti haichomi nyasi

Ukiingia agroveti yoyote kando ya Kangundo Road ukaulizia dawa ya sangari, utaambiwa, "Chukua hii, boss, inachoma mpaka mizizi." Siku ya tatu mteja anarudi amenuna: nyasi zingali kijani, ameuziwa feki. Dawa yenyewe ni glaifoseti, na muuzaji na mteja wote wamepotoka palepale: kwenye hilo neno "inachoma".

Glaifoseti ni kiuagugu ambacho fomula yake ni C3H8NO5P. Ni glisini, asidi ya amino iliyo ndogo kuliko zote, iliyoongezewa kipande chenye fosforasi. Mwaka 1970 mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto aligundua kwamba inaua magugu, na 1974 ikaingia sokoni kwa jina la Roundup.

Dawa inayochoma ipo, nayo ni parakwati. Jani likiwa juani, parakwati hunyakua elektroni za usanisinuru na kuzalisha oksijeni haribifu inayopasua utando wa seli. Ukipiga asubuhi, jioni majani yamesinyaa. Lakini inaua pale ilipogusa tu. Chimbua hiyo sangari uone: juu kumekauka, chini zile nyuzi nyeupe zenye ncha kali bado ni mbichi, zinajiandaa kuchipua. Na parakwati ikinywewa haina dawa ya kuizima, kwa hiyo kudhani hizi mbili ni kitu kimoja si suala la lugha peke yake.

Glaifoseti huingia kwa jani, kisha husafiri pamoja na sukari ambayo mmea unaishusha mizizini na kuipeleka kwenye machipukizi. Ikifika huko huziba kimeng'enya kiitwacho EPSPS, na mmea hushindwa kujitengenezea asidi za amino tatu: fenilalanini, tairosini na triptofani. Bila hizo hakuna protini mpya. Ukuaji husimama kwanza. Umanjano huja baadaye, pengine baada ya wiki nzima. Ni njaa hiyo, si moto. Sisi binadamu hatuna kimeng'enya hicho, ila asitokee mtu akasema basi ni maji ya kunywa: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, mamlaka nyingine zikapinga, na mjadala ungalipo. Vaa glavu.

Anayeamini dawa inachoma huongeza kipimo ili ichome haraka, jani likafa kabla halijaisafirisha. Mwingine anafyeka kwanza, halafu anashangaa dawa haikuingia wakati majani ya kuipokea ameyatupa. Wengine huchota maji ya tope mtaroni, kumbe udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania glaifoseti na kuilemaza. Ndiyo sababu hata ile lawama ya "imechoma udongo" haina msingi: ikishagusa black cotton, ule mfinyanzi mweusi wa huku kwetu, hushikwa humo, mizizi ya mahindi utakayopanda isiweze kuifyonza, na vijidudu huimeng'enya polepole.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa agroveti, mteja wa sangari akija mwambie aache majani yakue kidogo, achanganye kwa maji safi na kwa kipimo cha kwenye lebo, achague siku isiyo na dalili ya mvua, kisha jembe likae stoo wiki moja au mbili. Hapo kwenye "inachoma", sema "inashuka mpaka mizizini".