Mwezi Mmoja Wodini Haumfundishi Daktari Uraibu

Daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili hukutana na waraibu tangu wiki yake ya kwanza, ila huwakuta katika hali mbaya kuliko zote: wanatetemeka, wanatapika, wanaweweseka. Marekani, mafunzo ya ubingwa huu yanadai angalau mwezi mmoja wa tiba ya uraibu. Mwezi huo ukiishia wodini, anatoka akijua kutibu arosto tu, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea.

Arosto lazima aijue vizuri, maana arosto ya pombe huua. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho; deliriamu, yaani kuchanganyikiwa vibaya na kuweweseka, huchelewa, mara nyingi kati ya saa 48 na 96. Kwa hiyo kulegeza uangalizi siku ya pili kwa sababu mgonjwa ametulia ni hatari. Thiamini (vitamini B1) naisisitiza itangulie dripu ya glukosi, tena kwa sindano, kwani utumbo wa mnywaji wa miaka mingi hufyonza vidonge kwa shida.

Kwenye heroini, dozi ya kwanza ya buprenofini, dawa ya kutibu uraibu huo, ndiyo huwachanganya wengi. Dawa hii hushika vipokezi, sehemu za ubongo zinazopokea heroini, kwa nguvu kuliko heroini, lakini huviamsha nusunusu. Ukiiwahisha, inaifukuza heroini na mgonjwa anaangukia arosto kali papo hapo. Wengi hawarudi tena kliniki. Subiri angalau saa 12 tangu atumie heroini, na usiamini saa peke yake: tazama mboni zilizopanuka, vinyweleo vilivyosimama, miayo, kamasi. Hapo anza na mg 2 hadi 4 chini ya ulimi, kisha mpime tena. Methadoni, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, ina mtego mwingine. Dozi ya kwanza isizidi mg 30, na usikimbilie kuiongeza, kwa sababu hujilimbikiza mwilini: kipimo kilichoonekana kidogo Jumatatu kinaweza kuzima pumzi Alhamisi.

Yote hayo ni ya siku chache. Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi apewe wagonjwa wachache awafuatilie kliniki mwaka mzima. Hapo ndipo ataona kwamba aliyetoka kusafishwa mwili amepoteza ustahimilivu, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinamuua. Basi aondoke na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, mkononi, na ndugu zake wafundishwe kuitumia. Pia ajifunze kuuliza, “Mara ya mwisho umetumia lini, na siku hiyo ilikuwaje?” badala ya “Umeacha?”, swali linalomwalika mgonjwa adanganye. Stadi hii haipimwi kwa mtihani wa kuandika. Mazungumzo yarekodiwe kwa ridhaa ya mgonjwa, msimamizi ayasikilize pamoja na mwanafunzi, na wahesabu mara ngapi daktari alibishana na mgonjwa.