Kukiri deni kwa meseji: "poa bosi" haitoshi

Kukiri deni ni mdaiwa kusema mwenyewe kwamba deni lipo na hajalimaliza. Basi. Meseji inaweza kubeba kauli hiyo, maana hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua maandishi ya kielektroniki, na ushahidi haukataliwi kwa sababu tu umetoka kwenye simu. Kwa hiyo wale wa "bila karatasi yenye muhuri huna kitu" wamepitwa na wakati.

Wanaochosha zaidi ni wa upande wa pili. Kariakoo siku hizi kila aliyetoa mali kauli, yaani bidhaa za kulipwa baadaye kwa kuaminiana, anakwambia "jamaa ameshakiri". Omba uione hiyo simu: tiki mbili za bluu, "poa bosi", au picha ya dilivari noti (hati ya kupokelea mzigo) iliyosainiwa na kijana wa stoo. Tiki zinaonyesha ujumbe umefunguliwa. "Poa bosi" inaweza kuwa jibu la salamu. Dilivari noti inasema katoni 40 za mafuta zimeshushwa; haisemi kama zililipwa taslimu, wala kama 6 zilirudishwa kwa kuvuja. Kupokea mzigo ni jambo moja, kudaiwa ni jingine, na pengo lililo katikati utaliziba mwenyewe kwa invoisi, oda na daftari la mauzo. Dilivari noti itakusaidia katika kazi hiyo, lakini peke yake si kukiri.

Ahadi nazo zinachanganya watu. "Nitakulipa tukishalinganisha hesabu" inasikika vizuri, ila aliyeiandika hajakubali chochote. Huenda hesabu ikitoka akasema ni wewe unayedaiwa. Sasa soma hii: "Nivumilie hadi mwisho wa mwezi, ile milioni nne na laki mbili ya mafuta sijaipata bado." Wengi huiona ni kisingizio, wanakasirika, wanaifuta. Kumbe hiyo ndiyo yenyewe! Mtu haombi muda kwa deni asilolitambua, na hapa ametaja kiasi na mzigo.

Uzito wa kukiri uko kwenye muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya kawaida ya mkataba yana miaka sita ya kufunguliwa kesi, tangu siku malipo yalipopaswa kufanyika. Deni la Machi 2020 linafikia mwisho Machi 2026. Mdaiwa akilikiri kwa maandishi yenye sahihi Novemba 2024, hesabu inaanza upya kuanzia hapo. Usisubiri miaka ikatike ndipo uanze kumbembeleza akiri.

Sahihi ya kielektroniki si lazima iwe mchoro wa kalamu. Ni alama au njia inayomtambulisha mtu na kuonyesha ameridhia alichoandika. Jina lake mwishoni mwa ujumbe linasaidia sana. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake itakusumbua, na kama mdaiwa ni kampuni, meseji ya mtunza stoo itakusumbua zaidi: utaulizwa nani alimpa mamlaka ya kuisemea.

Kulipa sehemu ya deni nako kunaanzisha muda upya. Shida ni muamala mkavu wa simu wa laki tatu, usio na neno. Atasema alikuwa analipia mzigo mpya. Mwombe aandike ni wa deni lipi na limebaki kiasi gani.

Na skrinishoti isiwe tegemeo lako pekee. Mahakama hupima ujumbe ulitunzwaje, kama haujaguswa, na mtumaji alitambuliwaje. Tunza simu yenyewe, hamisha mazungumzo yote bila kuchagua vipande, na zima ule mpangilio wa meseji kujifuta.

Kwa hiyo, ndugu mwenye tiki za bluu, sema tu kwamba mdaiwa amesoma ujumbe wako. Kisha mtumie mwingine: "Naomba uthibitishe salio la sh. 4,200,000 la mafuta ya tarehe 3 Machi, uandike na jina lako kamili." Akijibu "ndiyo, nadaiwa hiyo" na jina chini, hapo utasema amekiri.