Http::fake katika majaribio ya Laravel: dhana potofu na ukweli

Programu inayopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, yaani mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, mara nyingi hutuma maombi ya HTTP zaidi ya moja kwa kila malipo: kwanza huomba tokeni (kibali cha muda), kisha huitumia tokeni hiyo kuomba STK Push, yaani ujumbe unaojitokeza kwenye simu ya mteja ukimtaka aweke PIN ili alipe. Tangu toleo la 7 lililotoka mwaka 2020, Laravel, fremu ya PHP ya kujengea programu za wavuti, imekuwa na Http::fake, inayoyapa maombi hayo majibu ya bandia wakati wa majaribio.

Wengi huamini kwamba ukishaiita, hakuna ombi litakalotoka nje. Hilo ni kweli inapoitwa tupu, yaani bila kitu ndani ya mabano. Lakini ukiipa orodha ya anwani, ombi lisilolingana na anwani yoyote katika orodha hiyo hutumwa kwenye seva halisi. Ukiandaa jibu la STK Push ukasahau la tokeni, jaribio lako litafaulu au kushindwa kutegemea hali ya intaneti ya siku hiyo. Kinga yake ni Http::preventStrayRequests, ambayo hulisimamisha jaribio kwa hitilafu kila ombi lisiloandaliwa linapojitokeza, na kwa maoni yangu haifai kukosekana katika mradi wowote unaogusa fedha za watu.

Dhana inayopoteza saa nyingi zaidi ni kwamba kuita Http::fake mara ya pili hufuta ya kwanza. Majibu mapya huongezwa nyuma ya yale ya awali, na ombi likilingana na zaidi ya moja, lililosajiliwa kwanza ndilo hutumika. Kwa hiyo aliyeiita tupu ndani ya setUp, sehemu inayoendeshwa kabla ya kila jaribio, kisha akaandika orodha yake ndani ya jaribio, atapokea kila mara jibu la 200 (la mafanikio) lisilo na kitu ndani, na atatafuta kosa katika msimbo usio na kosa. Kwa sababu hiyo hiyo, alama ya nyota (*) inayolingana na kila anwani huwekwa mwisho wa orodha. Anwani moja ikihitaji kujibu kwa namna tofauti kila inapoitwa, tuseme 500 (hitilafu ya seva) kwanza kisha 200, chombo chake ni Http::sequence. Majibu yake yakiisha, ombi linalofuata huleta hitilafu, na hitilafu hiyo ina faida, kwani hufichua kwamba programu imetuma maombi mengi kuliko ulivyodhani.

Jibu la bandia pia halithibitishi kwamba ombi lilikuwa sahihi. Litarudi vilevile hata kama namba ya simu imeanza na 07 badala ya 2547, hivyo ombi lenyewe likaguliwe kwa Http::assertSent.

Tena, ResponseCode 0 ya STK Push haimaanishi kwamba mteja amelipa. Inamaanisha tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo huletwa baadaye na Daraja yenyewe kwenye anwani yako, na ombi hilo linaloingia haliguswi na Http::fake. Jaribio ndilo linalopaswa kulituma kwa postJson, njia ya Laravel ya kuiga ombi linaloingia kwenye programu yako, mara moja likiwa na ResultCode 0, ambayo ni ya malipo yaliyofanikiwa, na mara nyingine 1032, ambayo ni ya mteja aliyeghairi, kisha lihakikishe kwamba oda iliyoghairiwa haijaandikwa kuwa imelipiwa.