Je, wajua kwa nini Uingereza ilianza kupima mkate baada ya vita kwisha?

Vita Kuu ya Pili ilidumu karibu miaka sita, na muda wote huo Mwingereza aliingia dukani akanunua mkate kadiri ya fedha zake. Mgawo wa mkate ulikuja tarehe 21 Julai 1946, Hitler keshakufa na mizinga imenyamaza. Washindi wa vita wakaanza kupanga foleni wakiwa na kuponi za mkate mkononi. Ilikuwaje?

Tuanzie baharini. Kabla ya vita, kisiwa kile kilitegemea meli kwa sehemu kubwa ya chakula chake, ngano ikiwemo. Nyambizi za Kijerumani zilipoanza kuzizamisha, serikali haikusubiri maghala yakauke. Tarehe 8 Januari 1940 bekoni, siagi na sukari viliingia kwenye mgawo. Julai ikafuata chai, gramu 57 hivi kwa mtu kwa wiki, na kwa Mwingereza hilo si jambo dogo.

Mkate na viazi viliachwa huru kwa makusudi. Mgawo humpa karani kipimo kilekile anachopewa mchimba makaa ya mawe, ilhali kazi zao haziwatii njaa sawa. Ukishampimia mtu nyama, siagi na sukari, sharti umwachie kitu cha kushibia, la sivyo migodi na viwanda vya silaha vitazorota. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa uamuzi wa busara kuliko yote ya Wizara ya Chakula, ingawa wanaosifiwa sana ni mabango yake ya kuhimiza watu walime mboga uani.

Huru haina maana kwamba mkate ulibaki vilevile. Mwaka 1942, chini ya waziri Lord Woolton, mkate mweupe uliondolewa sokoni. Vinu viliamriwa kutoa kilo 85 za unga katika kila kilo 100 za ngano, badala ya sabini na ushee za zamani. Yaani watu walihamishwa kutoka sembe kwenda dona bila kuulizwa. Mkate ukawa wa kijivu, na walaji wakaununia. Lakini ulikuwa na lishe zaidi, na ngano ileile ikalisha watu wengi, hivyo nafasi ya melini ikaokolewa.

Amani ilileta shida ya aina nyingine. Mavuno ya mwaka 1945 na 1946 yalikuwa mabaya sehemu nyingi za dunia. India ilikuwa ikinyemelewa na njaa, na Waingereza walikuwa na jukumu la kulisha eneo la Ujerumani walilolikalia, watu walewale waliokuwa adui zao mwaka mmoja nyuma. Dola za kununulia ngano ya Amerika Kaskazini nazo zilikuwa haba. Ndipo waziri mpya wa chakula, John Strachey, akatangaza mgawo. Churchill, sasa kiongozi wa upinzani, aliushambulia bungeni, na akina mama wa nyumbani wakapinga. Ulidumu hadi Julai 1948.

Strachey huyohuyo ana historia kwetu. Mafuta ya kula yalikuwa adimu kuliko hata ngano, kwa hiyo mwaka 1947 serikali yake ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilipangwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yameshachoka, mizizi ya vichaka ikayashinda, mvua ikakosa mpangilio, na kiangazi kilipofika udongo wa Kongwa ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zilizoota hazikung'oleka. Wagogo, waliozijua tabia za mvua na ardhi ile, hawakuwa na sauti katika mipango hiyo.

Januari 1951 London ilitangaza kuuacha mpango huo, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Waingereza wakaendelea kupimiwa siagi na mafuta ya kupikia hadi Mei 1954.