Hazina Tupu Iliyomwangusha Mfalme: Mwanzo wa Mapinduzi ya Ufaransa

Yanapotajwa Mapinduzi ya Ufaransa, wengi hukumbuka umati ulioivamia ngome ya Bastille, iliyotumika kama gereza, jijini Paris tarehe 14 Julai 1789, na huamini kuwa njaa ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Njaa ilikuwepo, tena kali, lakini Ufaransa ilikwisha kupitia njaa nyingi bila kiti cha mfalme kutikisika. Safari hii mfalme mwenyewe alikuwa amefilisika, na mtawala aliyefilisika hana budi kuwaita watu na kuwaomba.

Louis XVI alirithi ufalme mwaka 1774 pamoja na madeni ya vita vya babu yake, kisha akaongeza ya kwake kwa kuwasaidia Wamarekani katika vita vyao dhidi ya Uingereza, vita alivyovigharimia zaidi kwa mikopo. Kufikia mwaka 1788, takriban nusu ya matumizi ya serikali ilikuwa ikienda kwenye deni. Anasa za kasri la Versailles, ambazo husimuliwa mno, zilikuwa sehemu ndogo tu.

Dawa ilijulikana, nayo ilikuwa kuwatoza kodi makabaila na kanisa, waliokuwa na misamaha mingi. Waziri wa fedha, Calonne, alipoipendekeza mwaka 1787 mbele ya baraza la wakuu, waliikataa, naye akafukuzwa kazi. Mahakama kuu ya Paris nayo ilishikilia kwamba kodi mpya haiwezi kuidhinishwa ila na Baraza la Matabaka, mkutano wa wajumbe wa matabaka matatu (makasisi, makabaila na watu wengine wote), ambao haukuwa umefanyika tangu mwaka 1614. Kwa hiyo waliomfungulia mfalme mlango wa balaa walikuwa wakubwa wenzake.

Wakati huo mzigo ulibaki kwa mkulima, aliyelipa kodi ya mfalme, zaka ya kanisa na ada za bwana mwenye ardhi. Katika majimbo yanayoizunguka Paris, kila kaya ililazimishwa kununua kiasi maalumu cha chumvi kwa mwaka kwa bei ya serikali, na chumvi hiyo ilikuwa ya kupikia na ya mezani tu. Aliyetaka kuhifadhi nyama kwa chumvi alitakiwa kununua nyingine. Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mashamba, ikafuatwa na majira makali ya baridi, hata mkate wa ratili nne jijini Paris ukafikia karibu sou 15 (sou ilikuwa sarafu ndogo ya wakati huo), ilhali kibarua alipata sou 20 hadi 30 kwa siku.

Baraza la Matabaka lilifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789, na papo hapo likakwama kwenye hesabu ya kura. Tabaka la tatu, lililowakilisha zaidi ya asilimia 95 ya Wafaransa, lilikuwa na wajumbe wapatao 600, wengi wao wanasheria na maofisa, idadi iliyokaribia ile ya makasisi na makabaila kwa pamoja. Lakini kila tabaka likipiga kura moja, wao wangeshindwa mbili kwa moja daima. Baada ya mabishano ya wiki sita walijitangaza kuwa Bunge la Taifa, na tarehe 20 Juni, walipokuta ukumbi wao umefungwa na askari wakiulinda, walihamia kwenye kiwanja cha ndani cha tenisi na kuapa kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyekataa.

Mfalme alikubali kwa shingo upande, huku akikusanya majeshi kuzunguka Paris. Tarehe 11 Julai alimfukuza Necker, waziri aliyependwa na watu, na jiji likalipuka. Waliokwenda Bastille walikuwa tayari na bunduki walizochukua asubuhi hiyo. Walichofuata ni baruti, maana wafungwa waliokuwamo ndani walikuwa saba tu. Usiku wa tarehe 4 Agosti, huku wakulima wakichoma majumba ya mabwana, Bunge lilitangaza kufuta haki za kikabaila, na tarehe 26 likapitisha Tamko la Haki za Binadamu na Raia.

Mkate ulibaki adimu. Tarehe 5 Oktoba maelfu ya wanawake wa Paris, wengi wao wachuuzi wa sokoni, walitembea kwenye mvua hadi Versailles, na kesho yake wakamrudisha mfalme na familia yake jijini, msafara ukiwa na mikokoteni ya unga.