Kulainisha injini ya pikipiki mpya si kutambaa nayo

"Bado nailainisha, sipitishi arobaini." Utaisikia kauli hii kwenye kijiwe chochote chenye pikipiki ambayo siti yake haijatolewa nailoni. Anayeisema huenda ametoka kupanda kilima cha Bugando, jijini Mwanza, sasa hivi, gia ya nne, abiria wawili nyuma na kiroba cha mchele juu ya tenki. Arobaini hakupitisha, ni kweli. Ila injini imepanda ikitetemeka na kugonga, na ingekuwa na nafuu zaidi kama angeikimbiza hamsini mtupu kwenye tambarare ya kwenda Usagara.

Tuseme maana haraka. Kulainisha injini ni kuvipa vyuma vipya vinavyosuguana (ringi zinazoizunguka pistoni na silinda, meno ya gia, pleti za klachi) nafasi ya kukaliana sawasawa kabla ya kubebeshwa kazi kamili, kisha kumwaga mapema oili iliyopokea unga wa msuguano huo. Muda wake huhesabiwa kwa kilomita. Vitabu vingi vya Honda vya sasa hutaja 500 za mwanzo: usiondoke kwa kuvuta moto wote, usishike breki kwa ghafla, usishushe gia kwa fujo. Viwanda vya India mara nyingi hufika 2,000. Maana ndiyo hiyo, na wala si ngumu.

Kinachokera ni hiyo arobaini. Imetoka wapi? Imetoka kwenye kitabu, lakini imenyofolewa nusu. Pikipiki nyingi za kazi, ziwe Boxer au zile za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, hazina saa ya kuonyesha mizunguko ya injini. Kiwanda hakiwezi kukuambia usipite mizunguko kadhaa kwa dakika wakati huna pa kuisoma. Kwa hiyo kinakuandalia jedwali la spidi kwa kila gia: gia ya kwanza mwisho hapa, ya pili hapa, ya tatu hapa. Watu wameshika mstari wa mwisho wa jedwali, wakaacha mingine yote, wakaufanya kuwa sheria ya barabarani.

Sasa tazama. Arobaini kwenye gia ya pili, injini inapiga kelele. Arobaini hiyohiyo kwenye gia ya nne mlimani, injini inazunguka taratibu lakini inasukuma mzigo ulioizidi nguvu, na mwendeshaji kwa kuwa haoni mwendo anazidi kuvuta moto. Saa ya spidi inasoma namba ileile mara zote mbili. Injini haijui spidi. Inajua inazunguka kasi kiasi gani na inasukuma uzito gani. Kuizidishia mizunguko ni kosa, na kuizidishia mzigo ikiwa na mizunguko michache ni kosa vilevile, tena hili la pili halina kelele za kumshtua mtu, ndiyo maana linapita bila kukemewa.

Ukifungua bloku mpya ukaishika juani utaona ukuta wa silinda si laini kama unavyodhani. Umechorwa kiwandani mistari midogo sana inayokatana, kama wavu. Mistari hiyo ina kazi mbili: kushika oili, na kuzikwangua ringi kidogo mpaka zichukue umbo la silinda ile ile zinamoishi. Na hapa ndipo watu wengi hawajafika. Ringi haibanwi ukutani na uspringi wake pekee. Moto ukiwaka juu ya pistoni, gesi hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Moto ukiwa mdogo, msukumo ni mdogo, ringi inaelea juu ya oili na haikai. Ukiendelea hivyo kilomita nyingi, oili inaungulia ukutani na kuacha utando unaong'aa, mistari inazibika, na nafasi ya ringi kukaa imepotea. Miezi michache baadaye pikipiki inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na mwenyewe anaapa kwamba aliitunza kama yai.

Kwa sababu hiyo, ule mtindo wa kuwasha pikipiki mpya na kuiacha ingurume nje ya gereji kutwa nzima "ijilainishe" ndio mbaya kuliko yote. Haina mzigo, haina upepo wa kuipooza, ringi hazisukumwi. Dakika moja ya kupasha injini asubuhi inatosha, kisha ondoka. Kupasha ni jambo la kila siku hata kwa pikipiki ya miaka kumi. Halihusiani na kulainisha.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema ivutwe moto wote tangu inatoka dukani, ndipo itakuwa na mbio. Hawa wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nimeshaieleza: ringi zinahitaji msukumo. Wanachosahau ni kwamba ndani ya injini hamna ringi peke yake. Kuna gia na beringi ambazo nazo ni mpya, na kuna joto. Njia iliyo salama iko wazi: vuta moto hadi nusu au zaidi kidogo, acha ishike mwendo, achia, ishuke yenyewe, vuta tena. Badili mwendo mara kwa mara. Barabara ya mji yenye vituo na makutano inafanya kazi hii bila wewe kufikiri, tena vizuri kuliko safari ndefu ya mwendo mmoja hadi Magu. Mlima ukija, shusha gia mapema. Abiria mmoja hana tatizo, mshikaki wa abiria wawili usubiri.

Tuje kwenye oili, ambako kuna ubishi mwingine: "Oili yenyewe bado nyeupe, ya nini kuimwaga?" Swali zuri kama oili ya kwanza ingekuwa inamwagwa kwa sababu imechoka. Haijachoka. Inamwagwa kwa sababu ya kilichomo. Imwage kwenye chombo cheupe injini ikiwa ya moto, kipeleke juani, kizungushe polepole: utaona inamemeta. Huo ni unga wa chuma na aluminiamu, na kwa pikipiki ya kilomita mia tano ni jambo la kawaida kabisa. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole, hapo mpigie aliyekuuzia.

Mwenye gari atakuambia gari lake jipya lilikwenda kilomita 10,000 ndipo likamwagwa oili. Huenda hasemi uongo, ila analinganisha vitu viwili tofauti. Gari la kawaida lina oili ya injini mbali na ya giaboksi, tena lita kadhaa, na filta ya karatasi. Pikipiki ya aina ya CG125 ina kama lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, inaogesha gia na kupita kwenye klachi. Unga wote wa sehemu hizo tatu unakutana humo. Filta ya karatasi haina; ina chujio la waya chini na kikombe kinachozunguka pembeni, ambacho hutupa uchafu ukutani kwa nguvu ya mzunguko. Chujio la waya linazuia vipande, unga unapita. Kwa hiyo ukimwaga oili ya kwanza mwambie fundi atoe na hilo chujio, alioshe kwa petroli. Wengi hulegeza nati ya chini, wakasubiri itiririke, wakafunga. Umelipia nusu ya kazi.

Oili unayorudishia iwe ya pikipiki. Geuza kopo utafute maandishi JASO MA au MA2, alama ya Kijapani inayothibitisha kwamba oili hiyo inafaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Oili za magari ambazo zimeongezwa dawa ya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze: injini inapiga resi, pikipiki haiendi. Na hizo chupa ndogo za dawa ya "kuimarisha injini" zinazouzwa kaunta, kwa injini mpya ziache hapohapo. Msuguano kidogo ndio unaoutafuta kipindi hiki.

Lini? Kwa nyingi za India, sevisi ya kwanza ni kati ya kilomita 500 na 750, au siku 30 hadi 45, kipi kitangulie. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayorukwa. Anayeendesha kwenda kazini na kurudi anaweza kumaliza mwezi bila kufika 500, naye siku zake zitamtangulia. Bodaboda anayetafuta hesabu ya bosi anazimaliza kabla wiki mbili hazijaisha, mara nyingi ndani ya wiki. Bosi aliyesoma "mwezi mmoja" akampa kijana tarehe, atakuta oili ya kwanza imetembea kilomita elfu mbili au tatu. Halafu lawama zinaangukia mkono wa kijana.

Sevisi hiyo isiishie kwenye oili. Tapeti za valvu zinakuwa zimehama kidogo, cheni imelegea, spoku zimelegea, nazo zinakazwa siku hiyohiyo. Na yote haya yanarudi upya siku fundi akichonga bloku na kuweka pistoni na ringi mpya, hata kama pikipiki ina miaka minane na rangi imebabuka. Injini iliyochongwa ni mpya kwa habari ya ringi, lakini hiyo haina kibandiko cha kukukumbusha, na jioni yake tu imepakia mkaa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa arobaini, endelea kuilainisha, ila mlimani shusha gia, na kabla hujaniambia bado mpya, tazama kwanza dashibodi inasoma kilomita ngapi. Kama imepita 750 na oili ni ile ya dukani, pita kwa fundi leo ukitoka kazini, injini ikiwa bado ya moto.