Je, ofisi ya mbao huungua upesi zaidi?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba jengo la mbao ni kuni zinazongoja kiberiti, na kwamba ofisi ya ghorofa kadhaa haiwezi kuwa salama bila zege au chuma. Imani hiyo inachanganya ubao mwembamba na nguzo nene. Aliyewahi kukoka moto anajua kuwa vijiti huteketea mara moja, ilhali gogo hulala na moto hadi asubuhi, na ukilipasua unakuta moyo wake bado ni mti.

Ndivyo zilivyo nguzo nene zinazoundwa kwa mbao zilizounganishwa kwa gundi: uso wake hugeuka makaa kwa kasi ya takriban milimita 0.7 kwa dakika, na makaa hayo hupunguza joto linalopenya ndani, kwa hiyo mhandisi huongeza unene wa kuliwa na moto ili kiini kiendelee kubeba jengo. Chuma kisichokingwa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kikifika nyuzi joto 600 hivi.

Mjini Zürich, Uswisi, jengo la ofisi za Tamedia, kampuni ya habari, lililobuniwa na msanifu majengo Mjapani Shigeru Ban na kukamilika mwaka 2013, lina ghorofa saba, na fremu yake imeungwa mbao kwa mbao. Kwa kuwa mzigo hubebwa na nguzo na boriti, kuta nyepesi za ndani katika majengo ya aina hii zinaweza kuhamishwa mahitaji yanapobadilika.

Adui ninayemhofia zaidi ni maji: bustani ya pamoja juu ya paa hudai tabaka imara la kuzuia unyevu, mteremko, na mifereji inayosafishwa mara kwa mara, kwani mbao inayolowa bila kukauka huoza kimyakimya.